Neno "Starve": Kutoka Mauti Hadi Njaa

Mzungumzaji wa Kiingereza aliyecheleweshewa chakula kwa muda wa saa moja aghalabu hutamka kwamba yu "starving". Asili ya neno hilo ni nzito kuliko matumizi hayo.

Katika Kiingereza cha Kale, kitenzi "steorfan" kilimaanisha kufa, kwa sababu yoyote ile. Ndugu zake, "sterben" la Kijerumani na "sterven" la Kiholanzi, wangali na maana hiyo. Hata mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alikitumia kwa kifo cha namna yoyote. Hata hivyo kitenzi "die", ambacho wanaisimu wengi hukinasibisha na lugha ya Waskandinavia waliolowea Uingereza, kilizidi kuenea na kushika mahali pake. Kitenzi cha kale kikabanwa, kikabakiwa na vifo viwili: cha baridi na cha njaa. Maana ya baridi ilidumu katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza. Kwingineko njaa ilishinda. Tangu karne ya 16 kitenzi hicho kimetumiwa pia kwa yule amnyimaye mwenziwe chakula.

Nomino "starvation" ilizuka katika karne ya 18, kwa kuunga shina la Kijerumaniki na kiambishi chenye asili ya Kilatini. Henry Dundas alibandikwa jina la "Starvation Dundas" kwa kuitumia Bungeni mwaka 1775, ulipojadiliwa mswada wa kuzuia biashara ya makoloni ya New England.

Kiswahili kimeshika njia nyingine. "Njaa", nduguye "enjala" la Kiganda na "indlala" la Kizulu, si jina la kifo; atakaye kutaja kifo husema "kufa njaa", akitenga tukio na sababu yake.

Tofauti hii humgusa sana mfasiri. Kitenzi cha Kiingereza kimechakaa mezani, lakini nomino yake ingali na makali katika sheria: Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva iliipiga marufuku kama mbinu ya vita dhidi ya raia, na Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 ukaihesabu kuwa uhalifu wa kivita. Mfasiri aandikapo "njaa" peke yake, msomaji hufikiria ukame, na mtenda kosa hutoweka. Hapana budi aandike "kuwashindisha raia njaa", ili kitenzi kidai mtendaji wake.