Injini ya Mlimani

Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vijana wa rika langu tulimhusudu Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976, kwa Mitsubishi.

Mdogo wangu alishika jambo moja tu katika habari hizo: kwamba injini huongezwa nguvu. Hapa Kanoni tuko juu, hewa ni nyepesi, na injini hupata pumzi haba. Basi fundi akaichonga silinda hedi ya Datsun yake ili mgandamizo uzidi, akawahisha na taimingi. Gari likapanda vilima kama swala. Nami, mwalimu wa sayansi, nikamsifu!

Mwaka 1976 akashuka nalo hadi Dar es Salaam. Kule pwani hewa ni nzito. Silinda zikajaa kuliko zilivyozoea, joto na mgandamizo vikapita kiasi, mchanganyiko wa petroli ukawa unaripuka wenyewe badala ya kuungua taratibu. Injini iligonga kama debe. Angerudisha taimingi nyuma, pengine angeiponya. Yeye alidhani ni vali tu, akazidi kukanyaga mafuta, hata pistoni ikatoboka.

Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili kwa ajili ya gari lile. Mdogo wangu aliniandikia barua kuuliza kosa lilikuwa wapi. Jibu nilikuwa nalo, nalifundisha darasani kila mwaka. Nilichelewa sana kumwandikia.