Mpekuzi na Shati Lake

Juma lililopita jirani yangu alipekuliwa usiku. Waliingia watu watano wenye makoti mazito, wakapindua magodoro, wakamwaga unga sakafuni, wakaondoka mikono mitupu. Asubuhi mkewe aliniambia: "Shemeji, mimi sikuwa natazama vitu vyangu. Nilikuwa natazama mifuko yao."

Kauli hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye kamusi.

Waingereza wana neno "ransack". Sisi tunaotafsiri habari za kigeni tunalikuta mara kwa mara: nyumba imevamiwa, makabati yamevunjwa, mali imeporwa. Lakini neno hili halikuzaliwa na tabia hiyo, wala halikuzaliwa Uingereza. Lililetwa na watu wa Skandinavia, walioanza kuzishambulia pwani za nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 8, kisha wengi wao wakalowea huko. Kwa lugha yao "rann" ni nyumba, na "saka" ni jamaa ya neno lao la kutafuta. (Asikimbilie mtu kusema hiyo ni "kusaka" yetu. Ni sadfa tu.)

"Rannsaka", basi, ilikuwa ni hatua ya kisheria: kuingia nyumbani mwa mtu kutafuta mali iliyoibwa. Nayo ilikuwa na masharti. Sheria ya Gulating, iliyotumika magharibi mwa Norway, iliwataka wapekuzi waingie wamevaa shati tu, bila kujifunga mshipi. Sababu yake haihitaji wakili. Mwenye joho anaweza kuingia na kitu kwapani, akakitupa chini ya kitanda, kisha akapiga kelele kwamba amekiona.

Warumi walikwenda mbali zaidi. Kwa sheria yao ya kale, mpekuzi aliingia uchi, kiunoni kitambaa tu, na mkononi ameshika sahani. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, aliicheka sana desturi hiyo. Hata hivyo ametuachia maelezo ya ile sahani: ama ni ya kuwekea kitakachopatikana, ama ni ya kuishughulisha mikono isipate kupenyeza kitu.

Katika Kiingereza, neno hilo lilianza kuandikwa katika karne ya 13, likiwa bado na maana ya kupekua. Baadaye likachukua na maana ya kupora, na leo hiyo ndiyo inayotangulia kichwani. Ajabu ni kwamba hata "law", neno la Waingereza la sheria, lilitoka kwa watu haohao wa Skandinavia. Sheria ikabaki na heshima yake, upekuzi ukaharibikiwa jina.

Na sisi je? Kupekua ni kazi ya kuku jalalani, anayetawanya kila kitu kwa ajili ya punje moja. Sijui kama polisi hufurahia mfano huo.

Kwa haki, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, ya mwaka 1985, haikumsahau mwenye nyumba. Kifungu cha 38 kinataka kitu kinachochukuliwa kiandikiwe stakabadhi, mwenye nyumba atie saini, na mashahidi waliopo nao watie saini. Lakini shahidi anayeamshwa baada ya kitu "kuonekana" ameshuhudia nini?

Nilimsimulia shemeji habari ya shati la Norway. Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akauliza kama na viatu walivua.