Fahari na anasa

Matangazo ya magari huandika "gari la kifahari" na "gari la anasa" kana kwamba maana ni moja. Hapana. Fahari huhitaji watazamaji: ni ukuu unaoonwa na kusifiwa. Anasa ni starehe ya mwenye kuionja, hata akiwa peke yake.

Magari mapya ya umeme yameipa tofauti hiyo uzito. Mercedes-Benz EQS, iliyotoka mwaka 2021, ilichongwa kwa kuufuata upepo, na kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.20. Boneti ni fupi, na paa limepinda kama upinde kutoka mbele hadi nyuma. Wengi waliozoea Mercedes ndefu yenye pua iliyosimama hawakuiona fahari yake. Ilikuwa imehamia ndani: aliyeagiza aliwekewa kioo kimoja cha sentimita 141 kilichotanda dashibodi yote, na skrini tatu nyuma yake.

Naiita fahari kwa makusudi, kwa sababu kioo kile kinakusudiwa kutazamwa. Anasa naiona zaidi kwenye BMW iX ya mwaka huohuo. Betri imelazwa chini, kwa hiyo sakafu ni bapa na miguu inanyooka. Na ipo ngozi ya viti iliyotengenezwa kwa dondoo la majani ya mzeituni.

Wahariri, naomba tusiyachanganye tena maneno haya mawili. Gari linalong'aa mbele za watu liitwe la kifahari. Neno "anasa" lihifadhiwe kwa lile linalomstarehesha aliyeketi ndani.