Wasio na Kadi ya Mgao: Paka Shume na Mbwa Koko katika Historia Yetu

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu.)

Leo nataka tuzungumze juu ya wakazi wa kambi ambao hawakuandikishwa popote, hawana kadi ya mgao, na bado kila siku ya mgao wapo, tena wamefika kabla yetu.

Tangu yule mtoto aumwe na mbwa nyuma ya soko, simu zenu zimekuwa na jambo moja tu. Wengi mnasema mbwa koko wote watiliwe sumu kwenye nyama, yaishe. Wachache mnasema waachwe, nao ni viumbe. Na katikati ya simu hizo ukaja ujumbe wa mama mmoja, hakutaja jina, anauliza hivi: amemwokota kitoto cha paka karibu na bomba la maji, anampa unga uliolainishwa kwa maji ya samaki wa kopo, na jirani anamcheka kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Je, ni kweli?

Mama, swali lako ni la historia, kwa hiyo nitaanza nalo. La mbwa ni zito zaidi, tutalifikia.

Nenda nami kwanza hadi Misri. Sultani Baibars alitawala Cairo kuanzia 1260 hadi 1277. Alipigana na Wamongolia, alipigana na wapiganaji wa msalaba, hakuwa mtu mlaini. Lakini inasimuliwa kwamba aliacha bustani karibu na msikiti wake, akaiweka wakfu kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe, ili mapato yake yawalishe. Zaidi ya miaka 500 baadaye Mwingereza mmoja aliyeishi Cairo, Edward Lane, aliandika katika kitabu chake cha 1836 kwamba bustani ile ilikuwa imeshauzwa na kuuzwa tena, lakini kadhi wa mji alikuwa bado analazimika kuwalisha paka. Kila siku alasiri chakula chao kililetwa katika ua wa mahakama. Na watu wa mji waliochoshwa na paka wao walikuwa wakienda kuwaachilia palepale kwa kadhi, wakarudi zao nyumbani mikono mitupu. (Nilipolisoma hili nilicheka. Kumbe tabia ya kubwaga mzigo mbele ya ofisi na kuondoka haikuanzia kambini.)

Kwa hiyo, mama, mwambie jirani yako kwamba wakfu wa paka ulikuwepo kabla Mreno hajaiona pwani yetu. Na kabla ya Baibars, sisi Waislamu tunamjua sahaba aliyeitwa Abu Huraira, maana yake baba wa kipaka. Tunayo hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Na tunajua kwamba paka akinywa katika maji yako ya udhu, maji hayakuharibika, kwa sababu yeye ni katika wale wanaotuzunguka nyumbani.

Sasa tuje kwetu. Wazee wangu ni watu wa Chovai, kisiwa cha Wabajuni kati ya Chula na Koyama, kusini ya Kismayo. Mimi sijakiona. Nimezaliwa kambini, na Chovai yangu ni ile ya mdomoni mwa bibi. Lakini jambo moja kila mtu wa visiwani analijua: kisiwani paka hafiki kwa miguu. Akionekana kisiwani, ujue alipanda chombo, na mtu alimruhusu apande.

Wachimbaji wa mambo ya kale wameliona hilo hata mbali na kwetu. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu amezikwa na kando yake, umbali wa mkono tu, amezikwa paka. Cyprus haikuwa na paka wa asili. Aliletwa na chombo, kama walivyoletwa wa kwetu.

Na manahodha wetu walikuwa na sababu. Wabajuni walikuwa mafundi wa mtepe, chombo ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Fikiria sasa panya ndani ya chombo kama hicho. Kwenye jahazi la misumari panya atakula shehena yako. Kwenye mtepe anatafuna kamba, na kamba ndiyo chombo chenyewe. Nchi kavu nako palikuwa na nyavu, na ng'onda waliotandazwa juani. Bibi anasema kwao Chovai hakuna aliyesema "paka wangu". Paka alikuwa wa mtaa, lakini kila mtaa ulimjua wake, na wavuvi wakipaa samaki pwani kulikuwa na fungu la paka bila mtu kuagizwa.

Tazama hapo, kuna neno la kuangalia. Paka yule hakuwa na mtu mmoja wa kumwita wake, lakini alikuwa na watu wenye kumjua. Vita vilipokuja, wale watu ndio walioondoka.

Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa vyombo kuelekea Kenya. Wakawekwa katika kambi za pwani, Jomvu ikiwa mojawapo, mpaka kambi hizo zilipofungwa katika miaka hiyohiyo ya 1990 na watu wakatawanyika: wengine walirudi visiwani, wengine tukaishia huku bara penye vumbi. Chombo alichopanda bibi kilijaa watu hadi ukingoni. Paka walibaki juu ya kuta. Ndugu zake waliorudi baadaye walimletea habari kwamba paka wa Chovai walikuwa wamekuwa shume, wanakula kaa na mabaki ya ufukweni, na ukiwaita wanakimbia. Bibi hulisema hilo kwa sauti ileile anayosemea kuta za nyumba yake.

Paka shume, basi, si aina ya paka. Ni paka ambaye watu wake wameondoka, au kizazi cha paka huyo. Na mbwa koko ni vivyo hivyo.

Hili linatokea katika kila vita. Aleppo, huko Syria, alikuwepo mtu aitwaye Mohammad Alaa Aljaleel, fundi umeme aliyegeuka kuwa dereva wa gari la wagonjwa. Majirani walipokuwa wakiikimbia nyumba zao, yeye alibaki akiokota majeruhi, na pia akiwalisha paka walioachwa. Habari zilipoenea, wenye kuondoka wakawa wanamletea paka wao kwa mikono yao, kama amana. Mwisho wa 2016 mahali alipowahifadhi palipigwa mabomu, naye akalazimika kukimbia pamoja na wale paka aliofanikiwa kuwaokoa. Baadaye akaanza tena upya nje ya mji. Huyu si Mzungu, na hakuwa na mshahara wa kuchezea.

Kuna waliofanya hivyo kwa raha zaidi, nao nitawataja kwa ufupi kwa sababu ni habari ya pwani. Mwaka 1978, karibu na Watamu, mwanamke aitwaye Jeni Slater alikuta vitoto vya paka katika shamba lake la minazi, wenye mabaka kama gome la mti. Wagiriama waliwajua paka hao tangu zamani. Aliwalea ndani, wakazaana, na baadhi ya kizazi chao kikachukuliwa na rafiki yake hadi Denmark. Mwaka 1993 shirikisho la wafuga paka la Ulaya likawatambua rasmi kwa jina la Sokoke, wakapewa vyeti. Nawe msikilizaji unayesubiri karatasi tangu hujaoa, usinikasirikie mimi, ninasoma historia tu.

(Muziki mfupi.)

Sasa mbwa.

Hapa siwezi kusema kwamba pwani yetu iliwakumbatia. Sisi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba na moja kwa udongo. Mbwa hulala nje. Ndugu zetu wa kutoka Sudan Kusini na Kongo wana mazoea mengine, na ndiyo maana bloku kwa bloku tunagombana. Lakini kuosha chombo ni jambo moja na kumtilia kiumbe sumu ni jambo jingine. Mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao kizingitini, amenyoosha miguu ya mbele. Na yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji amnyweshe mbwa mwenye kiu, sote tunajua alilipwa nini.

Wako waliojaribu njia ya kuwamaliza, na historia imeandika. Mwaka 1910 wakuu wa Istanbul waliamua mji uwe wa kisasa. Makumi ya maelfu ya mbwa walikusanywa, wakapakiwa kwenye vyombo na kutupwa katika kisiwa cha mawe kitupu ndani ya Bahari ya Marmara, hakuna maji wala chakula. Wakafa kwa kiu na kwa kulana. Watu wa mjini walisikia mlio wao ukiletwa na upepo. Mimi ni mjukuu wa watu wa kisiwa, habari hii siipendi hata kuisoma. Na mbwa mjini Istanbul? Wapo hadi leo.

Sababu si ngumu kuiona. Ukiua mbwa wa bloku moja, jaa la takataka linabaki, na wa bloku nyingine wanahamia. Sumu hiyohiyo inamuua paka anayezuia panya, inamuua kuku, na inaweza kumfikia mtoto anayeokota nyama chini. Na inamuua mbwa aliyechanjwa pamoja na ambaye hajachanjwa, kwa hiyo ile kinga kidogo iliyokuwepo inakwisha.

Kwa maana tunachokiogopa hasa si mbwa, ni kichaa cha mbwa, na kuogopa ni haki yetu. Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembezoni mwa Nairobi. Mpaka leo Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwao kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na miongoni mwao watoto ni wengi. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.

Lakini sikiliza habari ya Pemba. Ni kisiwa cha Waislamu, cha watu wa madhehebu yetu, ambako mbwa hulala nje kama kwetu. Kuanzia 2010 mbwa wa Pemba walianza kuchanjwa katika kampeni zilizopita vijijini. Kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani. Kisha 2016 ukarudi. Wataalamu walipochunguza virusi vyenyewe wakaona vimeingia kutoka nje ya kisiwa. Na mbwa, kama paka, haogelei kutoka nchi hadi nchi, alipandishwa chombo. Chanjo zikarudiwa kila mahali, na mgonjwa wa mwisho katika mlipuko ule alionekana Oktoba 2018.

Ili kuuzima ugonjwa, inatakiwa mbwa 70 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Sasa niulize nawe: siku daktari wa mifugo akija na sanduku lake la barafu, ni nani anayemshika mbwa? Mbwa koko hashikiki. Anayeshikika ni yule mwenye mtu anayempa makoko ya ugali jioni na kumwita jina. Pemba walikuja watu na kamba mikononi, wamewashika mbwa wao. Bila wale wenye kamba, sanduku la barafu lingerudi limejaa.

Kwa hiyo mama wa kitoto cha paka, na wewe kijana wa bloku ya mwisho unayemlisha mbwa kwa kujificha: endeleeni, lakini msijifiche. Jirani ajue kwamba mnyama yule ni wako, ili akiumwa mtu ajulikane wa kuulizwa. Mtoe siku ya chanjo, paka pia, kwa maana paka naye hushika kichaa na kukiambukiza. Akipatikana daktari wa kumhasi, ahasiwe, kwa sababu paka jike mmoja kwa mwaka atakuletea vitoto ambavyo mgao wako hauviwezi. Na ikitokea jina lako limetoka, unahamishiwa nchi ya tatu au unarudi kwenu, usimwache juu ya ukuta. Mtungi na jiko unavyovigawa kwa majirani, mgawe na yeye kwa mkono, mbele ya watu.

Muda wangu unakwisha, na hili nalisoma polepole ili liandikwe. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, osha jeraha palepale kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala majivu. Usisubiri kuona kama mnyama atakufa. Nenda zahanati siku ileile useme wazi umeumwa na mnyama gani, na ukianzishiwa sindano, rudi kila tarehe uliyoandikiwa mpaka zimalizike.

(Muziki wa kufungia.)