Gavana Aliyewaacha Huru Watumwa Wake

Wanafunzi wengi wa historia humfahamu Abraham Lincoln, lakini ni wachache waliopata kulisikia jina la Edward Coles, gavana wa pili wa Illinois. Mimi namwona kuwa mtu wa kufikiriwa sana, kwani maisha yake yanatuuliza swali gumu: anayeijua haki afanye nini pale ambapo wengi hawaitaki?

Coles alizaliwa Virginia mwaka 1786. Akiwa chuoni alisadiki kwamba utumwa haupatani na usawa wa watu uliotangazwa na taifa lake. Mwaka 1808 baba yake alifariki, naye akarithi shamba pamoja na watumwa. Mwaka 1814, akiwa katibu wa Rais James Madison, alimwandikia Thomas Jefferson akimwomba aongoze juhudi za kuukomesha utumwa Virginia. Mzee yule, aliyeandika Tangazo la Uhuru, alijibu kwamba kazi hiyo ni ya vijana, tena akamsihi asihame.

Coles alihama. Aprili 1819 aliwachukua watu wake kwa mashua katika Mto Ohio, na humo safarini akawatangazia kwamba wako huru. Huko Illinois, jimbo lililokuwa halijatimiza mwaka mmoja, kila mkuu wa familia alimpa ekari 160 za ardhi.

Mwaka 1822 alichaguliwa gavana kwa theluthi moja tu ya kura, kwa kuwa waliopendelea utumwa waligawanyika. Mtu wa namna hiyo angaliweza kunyamaza, aule uongozi wake kwa amani. Yeye, katika hotuba yake ya kwanza, aliwataka wabunge wawaache huru watumwa waliobaki jimboni. Wabunge walighadhibika, wakaitisha kura ili katiba ibadilishwe na utumwa uruhusiwe. Coles alitoa mshahara wake, dola 4,000, kugharimia mapambano hayo. Wakati huohuo alishtakiwa kwa kuwaacha watu huru bila kuweka dhamana, akatozwa dola 2,000; adhabu hiyo ilifutwa baadaye. Agosti 1824 watu 6,640 waliikataa katiba mpya, na 4,972 waliitaka.

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Kura ile haikuwafungua waliokuwa tayari utumwani, na mwaka 1853 Illinois ilipiga marufuku watu weusi kuhamia humo. Twasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo, lakini mwanawe Coles alikufa mwaka 1862 akiwapigania wenye watumwa.

Lakini nairudia hesabu ile: tofauti ya kura 1,668. Lincoln alipohamia Illinois mwaka 1830, alikuta jimbo lililokwisha kuukataa utumwa kwa kura. Kazi hiyo ilifanywa na wengi wasiotajwa, wakiongozwa na gavana ambaye hata thuluthi mbili za wapiga kura hawakumtaka.