Mikoba ya fahari kutoka jaani: mkono wa fundi wa India na taka iliyopandishwa hadhi

Katika kijiji cha Kukma, nje kidogo ya mji wa Bhuj, jimbo la Gujarat nchini India, kuna wafumaji wanaofuma mifuko ya plastiki iliyotupwa. Hawaiyeyushi wala hawaisagi. Huoshwa, huanikwa, hukatwa kwa mkasi ikawa chane nyembamba, kisha chane hizo hupitishwa kwenye kitanda cha kufumia kama vile ni uzi. Kinachotoka ni kitambaa kizito chenye mistari ya rangi, na kitambaa hicho hushonwa mikoba, pochi na vikasha ambavyo huuzwa miji mikubwa ya India na ng'ambo kwa bei ambayo aliyeutupa ule mfuko asingeisadiki.

Kazi hii ina jina lake katika ulimwengu wa mitindo, lakini kwa Kiswahili tunaweza kusema wazi kuwa ni kukipandisha hadhi kilichotupwa. Tusiichanganye na kuchakata taka. Anayechakata hukivunja kitu mpaka kikarudi kuwa malighafi, na mara nyingi kinachozaliwa huwa duni kuliko cha kwanza. Anayepandisha hadhi hukiacha kitu kama kilivyo, akakiongezea kazi ya mkono mpaka thamani yake ikapita ile ya mwanzo. Chupa ikisagwa ikawa ndoo, hapo pamechakatwa. Sari kuukuu ikikatwa pindo lake la zari likawa kipochi cha bibi harusi, hapo pamepandishwa hadhi. Tofauti ya viwili hivi haiko kwenye mashine, iko kwenye mkono wa fundi, na ndiyo maana nchi yenye mafundi wengi kama India imekuwa na mengi ya kuonyesha.

Kutch, au Kachi kama wazee wetu walivyoizoea, si pageni kwa Mwambao. Bandari yake ya Mandvi ilitia majahazi Lamu, Mombasa na Unguja kwa karne nyingi, na jamaa za Kikachi na za Mabadala wangali majirani zetu Mji wa Kale mpaka leo. Ni nchi kavu yenye jangwa la chumvi, mvua chache, na watu ambao ufugaji na kazi za mikono ndizo zilizowaweka hai. Warabari hutarizi kwa vioo vidogo vidogo, Wamutwa kwa mishono midogo hata unajiuliza jicho gani liliweza kuiona, na Wakhatri, ambao ni Waislamu, hupiga chapa kitambaa cha ajrakh kwa mihuri ya mbao, kwa rangi ya nili na nyekundu.

Tetemeko la ardhi la Januari 26, 2001 liliua maelfu ya watu huko na kuvunja nyumba, vitanda vya kufumia na karakana. Hata maji ya kisima yalibadilika. Katika kijiji cha Dhamadka chuma kilizidi majini, rangi zikaharibika, na baadhi ya Wakhatri wakahama kwenda kujenga kijiji kipya walichokiita Ajrakhpur. Baada ya msiba huo, mwaka 2005, likaanzishwa shirika la Khamir hapo Kukma ili kuwapa mafundi mahali pa kufanyia kazi na njia ya soko. Ufumaji wa plastiki ulizaliwa humo. Wafumaji walikuwa na ujuzi na kazi haba. Vijiji vilikuwa na mifuko iliyozagaa kila kichaka, mbuzi na ng'ombe wakiila na kufa. Matatizo mawili yakakutanishwa.

Nieleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hudhani ni mchezo. Kwanza plastiki hukusanywa na kuchambuliwa kwa rangi na kwa unene, kwa sababu chane nene na nyembamba zikichanganywa kitambaa huvutika upande. Hakuna rangi inayotiwa: nyeupe ni ya mfuko wa maziwa, buluu na nyekundu ni ya mfuko wa duka. Kisha ni kuosha kwa sabuni na kuanika juani, kazi ya mgongo ambayo mara nyingi huangukia wanawake. Halafu mkasi. Mfuko hukatwa kwa mzunguko ili upatikane ukanda mmoja mrefu usiokatika, kama mtu anavyomenya chungwa bila kuliachia ganda. Chane hizo huzungushwa kwenye kibiringo zikawa tayari. Katika kitanda cha kufumia, mtande, yaani nyuzi zile zilizotandwa kwa urefu, huwa ni wa uzi wa kawaida. Plastiki ndiyo mshindio, inayopita kulia na kushoto. Mfumaji lazima apige kwa nguvu kuliko anavyopiga pamba, kwa sababu plastiki hurudi nyuma kama mpira. Akilegeza, kitambaa huwa wavu. Akizidisha, hujikunja pembeni.

Mama yeyote wa Kipate au wa Kilamu aliyewahi kuchana miyaa na kusuka ukili ataielewa kazi hii bila kuambiwa mara mbili.

Pune, kampuni ya reCharkha imeongeza jambo: chane za plastiki hupitishwa kwanza kwenye charkha, lile gurudumu la kusokotea uzi ambalo Gandhi alilifanya alama ya kujitegemea. Delhi, shirika la Conserve India lililoanza mwaka 1998 lilishika njia nyingine. Mifuko huoshwa, hupangwa tabaka juu ya tabaka kwa kuchagua rangi, kisha hubanwa kwa joto ikawa shiti moja ngumu inayokatwa na kushonwa kama ngozi. Huo ni ufundi mzuri, ingawa kwangu mimi haujafikia kilichofumwa. Shiti ya moto hata kiwanda kinaweza. Kitanda cha kufumia kinamtaka mtu.

Lakini tusidhani haya ni ya jana, yameletwa na wafadhili. Bengal, upande wa mashariki, kina mama wamekuwa wakifanya kantha kabla neno mazingira halijawa la mikutano. Sari na dhoti zilizochakaa, laini kwa kufuliwa miaka, hupangwa tabaka kadhaa, kisha hushikizwa kwa mshono ule tunaouita kupiga bandi, sindano ikiingia na kutoka, mstari kwa mstari, mpaka nguo nzima ikajikunja kidogo kama maji yaliyopulizwa na upepo. Uzi wenyewe ulichomolewa kwenye pindo za sari hizo hizo. Ilikuwa nguo ya kumfunika mtoto au ya kukalia mgeni, haikuuzwa. Leo shali ya kantha ya tabaka mbili za hariri kuukuu hupangwa kwenye maduka ya Ulaya pamoja na mikoba ya bei.

Zari ni kisa peke yake. Neno hili tunalo sisi pia. Joho la arusi la zamani halikuwa joho bila zari. Zari ya asili ni waya wa fedha uliovutwa mpaka ukawa mwembamba kama unywele, ukabanwa, ukazungushwa juu ya uzi wa hariri, na ukapakwa dhahabu. Siku hizi nyingi ni ya shaba au ya plastiki inayong'aa. Kwa kuwa ile ya kale ina fedha ya kweli, kuna wanunuzi India wanaopita kununua sari kuukuu, wakazichoma ili wapate fedha iliyomo. Hariri iliyofumwa kwa miezi inakuwa majivu kwa sababu ya gramu chache za madini. Kwa hivyo fundi anayelikata lile pindo na kulishona kwenye kipochi hapambi tu. Ananusuru kitu ambacho pengine hakuna tena mtu wa kukifuma.

Kazi ya kutarizi kwa zari huitwa zardozi, jina la Kiajemi lenye maana ya kushona kwa dhahabu. Lucknow, Bareilly na Mumbai, wengi wa mafundi wake ni Waislamu wanaorithishana kutoka baba kwa mwana. Kitambaa huvutwa juu ya fremu ya mbao iitwayo adda, mafundi wakakaa chini kuizunguka, na kwa sindano yenye ndoano iitwayo ari wakapandisha uzi, shanga na vijiwaya. Mkoba mdogo unaweza kuchukua siku kadhaa za watu wawili. Macho na mgongo ndivyo vinavyolipa kwanza.

Hapo ndipo penye swali zito, nalo ni nani anayepata pesa. Nyumba kubwa za mitindo za Paris zimewapa mafundi wa India kazi za kutarizi kwa miongo mingi bila mnunuzi kuambiwa. Machi 30, 2023 Dior walifanya onyesho lao mbele ya Gateway of India, Mumbai, wakaitaja wazi shule ya ufundi ya Chanakya waliyofanya nayo kazi, na watu wakaona ni habari kubwa. Kwamba kumtaja fundi kwa jina ni habari kubwa kwatosha kukuonyesha hali ilivyokuwa. Hesabu ya serikali ya India ya mwaka 2019 na 2020 ilikuta wafumaji wa mkono na wasaidizi wao zaidi ya milioni 3.5, wengi wao wanawake, na karibu theluthi mbili ya nyumba za wafumaji zikipata chini ya rupia 5,000 kwa mwezi, ambazo hazifiki shilingi 8,000 za Kenya. Kisha mkoba wao unawekwa kwenye kioo cha duka London!

Wanaotetea vitu vya kifahari husema bei kubwa ndiyo itakayomwokoa fundi. Sikatai. Mfuko wa plastiki uliofumwa siku mbili hauwezi kushindana na mkoba wa kiwanda kwa bei rahisi, na ukijaribu, atakayekatwa ni mfumaji. Lakini bei kubwa dukani si mshahara mkubwa kijijini mpaka mtu aipeleke huko. Shrujan, shirika lililoanzishwa na marehemu Chanda Shroff huko Kutch mwaka 1969 wakati wa ukame, lilianza kwa jambo rahisi: mwanamke anatarizi kwake nyumbani, analipwa kwa kazi yake, na mifugo na watoto hawaachwi. Miaka zaidi ya hamsini baadaye mpango huo ungali unasimama.

Kuna upande mwingine wa Kutch ambao twafaa kuujua sisi wa Kongowea. Bandari ya Kandla ina eneo maalumu la viwanda vya kuuza nje, la kwanza Asia, lililofunguliwa mwaka 1965. Humo kuna maghala ya kuchambulia nguo kuukuu za Ulaya na Marekani. Zilizo nzima huuzwa tena, nyingi zikija Afrika. Nasi twaziita mitumba. Nguo mbovu za sufi kutoka nchi hizo humiminika Panipat, kaskazini ya Delhi, zikachanwachanwa, zikasokotwa uzi, zikawa mablanketi, yakiwemo yale yanayogawiwa kwenye misiba na mafuriko. Uchakataji huo ni wa manufaa, lakini ni wa kushusha hadhi: koti la sufi safi linakuwa blanketi la kukwaruza. Wilaya moja basi ina njia zote mbili, kreni za Kandla zikishusha marobota na mfumaji wa Kukma akihesabu chane.

Jihadhari pia na udanganyifu, kwa kuwa sifa imeleta bei na bei imeleta werevu. Kuna kantha zinazouzwa kama za sari kuukuu ambazo ni kitambaa kipya kilichofuliwa na kupaushwa makusudi. Geuza upande wa ndani. Sari za kweli zina viraka vidogo, doa, rangi zisizolingana, na bandi ya mkono haiwi sawa sawa kama ya cherehani. Kwenye plastiki iliyofumwa mara nyingi utaona mabaki ya maandishi ya mfuko, herufi nusu au kipande cha picha. Muuzaji akijua jina la kijiji na jina la aliyefuma, na anasema bila kubabaika fundi alilipwaje, hiyo ni dalili njema. Akikusimulia habari za bahari na kasa tu, muulize tena.

Kwetu mwanzo upo. Lamu ilijenga Flipflopi, jahazi la plastiki lililofunikwa kwa malapa yapatayo 30,000, likashushwa majini 2018 na kusafiri mpaka Unguja mwanzoni mwa 2019. Matanga makuukuu ya majahazi hushonwa mikoba yenye maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa rangi, na watalii huinunua. Kinachokosekana bado ni ule mkono wa juu, tarizi na mshono unaokifanya kitu kipande cha fahari na si cha ukumbusho wa safari. Mkono huo tunao. Anayeshona kofia ya vito matundu mamia kwa mamia bila kukosea hesabu hashindwi na mkoba, na fundi wa makubadhi wa Siyu anajua kuunganisha ngozi na tanga kuliko chuo chochote. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017 mfuko wenyewe umepungua nchini, lakini magunia ya naironi, kanda za kufungia mizigo bandarini na matanga yaliyochanika hayajapungua.

Kwa aliye nao mkoba wa namna hii tayari, utunzaji wake kwa hali yetu ya hewa ni huu. Wa plastiki iliyofumwa uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uuanike kivulini, kwa maana jua kali huikausha plastiki ikaanza kukatika. Wa zari usiukunje wala usiutie kwenye mfuko wa plastiki. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huifanya fedha kuwa nyeusi. Uvingirishe kwa kitambaa cheupe cha pamba, uutoe kupunga upepo mara moja moja, na manukato ujipulizie mwenyewe kabla hujaushika.