Ua la Usambara na majina ya wenyewe

NILIKUWA Soko la Toi nikitafuta viatu vya mitumba, macho yakanasa ua dogo la zambarau lenye majani manene ya malaika, limepandwa ndani ya kikombe kikuukuu.

"Mama, hili ua laitwaje?"

"Hiyo ni maua ya majuu, mwalimu. Mia tatu tu."

La, si la majuu. Asili yake ni misitu ya Usambara na Tanga, na ndugu zake wamo Taita. John Kirk alipeleka sampuli Kew, Uingereza, mwaka 1884. W. E. Taylor akapeleka nyingine 1887, lakini zote hazikutosha kuainishia mmea. Huyu Taylor ndiye yule mmishonari wa Mombasa aliyekusanya methali za Waswahili na, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, akatuhifadhia mashairi ya Muyaka.

Sifa zikamwendea Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa eneo la Tanga. Alimpelekea babake mmea huo Ujerumani, ukafika kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaunda jenasi mpya: Saintpaulia. Spishi akaiita ionantha, yaani yenye maua kama ya vayoleti.

Kinachonikera ni hiki: Saint Paul alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1890, naye Taylor akatoa methali zake 1891. Wote wawili walikijua Kiswahili, ila ua likasajiliwa bila hata silabi moja ya Kiswahili wala ya Kishambaa.

Na jina lenyewe halikudumu. Uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba Saintpaulia imo ndani ya jenasi kongwe, Streptocarpus, iliyopewa jina mwaka 1828. Neno hilo la Kigiriki lina maana ya tunda lililosokotwa. Tunda la ua letu halijasokotwa, ndiyo maana wataalamu waliyatenga kwa miaka mingi! Lakini katika uainishaji jina lililotangulia ndilo hushinda. Mwaka 2012 ua likawa Streptocarpus ionanthus, na kufikia mwaka 2015 bwana mkubwa akabaki jina la kijisehemu tu cha jenasi.

Sisi je, tuliite nani? Wapo watakaosema "urujuani wa Afrika". Mimi sikubali. Hiyo ni tafsiri ya Kiingereza, na isitoshe mmea huu hauna udugu na vayoleti. Wajerumani wa mitaani angalau huitaja Usambara katika jina lao. Naona "ua la Usambara" latosha, isipokuwa Washambaa watuletee lao.

Nilipokuwa nikilipa nikamwambia yule mama kwamba ua lake asili yake ni Tanga.

"Tanga hii ya Tanzania?" Akatazama huku na huku. "Basi usiseme kwa nguvu, mwalimu. Wateja watataka nipunguze bei."